Matobolwa ya Kaliua

"Tobolwa halitafunwi," bibi aliniambia. "Linamumunywa. Ukilitafuna litakuumiza meno, na litakwisha kabla hujafika unakokwenda."

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Juni, nami nimekaa kivulini nje ya stesheni ya Kaliua nikingoja treni ya Mpanda, ambayo ingepita usiku. Bibi alikuwa ametandika kiroba chini, na juu ya kiroba amepanga mafungu: upande huu matobolwa, upande ule michembe, katikati karanga mbichi na chupa za asali zilizozibwa kwa nailoni. Tobolwa ni kiazi kitamu kilichochemshwa, kikamenywa, kikakatwa vipande, kikaanikwa juani mpaka kikawa kigumu kama kipande cha mti. Michembe nayo ni viazi vile vile, ila hukatwa vibichi na kuanikwa vibichi. Hiyo lazima uichemshe ndipo uile.

Nikafanya alivyosema. Mwanzoni mdomoni hamna kitu, ni harufu ya vumbi na jua tu. Ukivumilia kidogo ule ukavu unaanza kulegea pembeni, na utamu unatoka kwa zamu, kwanza kwenye ncha ya ulimi, halafu kote. Kipande kimoja kilinichukua muda wa kutosha kuona mwendesha bodaboda akifunga magunia matatu ya mahindi nyuma ya pikipiki, akayafungua, akayafunga upya.

Nilikuwa nimemsalimia bibi kwa haraka ya mtu wa mjini anayenunua huku anatazama pembeni, kwa hiyo nikamwamkia upya. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi?"

"Bagamoyo."

"Kabila?"

"Mzaramo."

Alipiga makofi mara moja, akamgeukia jirani yake muuza ndizi, akamwambia jambo kwa Kinyamwezi, wote wawili wakacheka. Kisha akaninyooshea mkono. "Basi lipa hongo. Wewe ni mtani wangu, na umeingia kwetu bila hodi. Wazee wetu hawakuja kwenu bure."

Nilikwenda dukani nikamletea nusu kilo ya sukari. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye ncha ya khanga yake, akaniongezea matobolwa manne juu ya fungu nililokwisha kulipia. Deni likawa limekwisha pande zote mbili.

Kwa mtu wa Bagamoyo, neno hilo hongo kulisikia Kaliua, tena kwa kicheko, ni jambo la kumfanya akae kimya kidogo. Leo hongo ni rushwa: noti inayokunjwa na kupenyezwa mkononi. Lakini karne ya kumi na tisa, njia ya misafara ilipotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, ikakatiza Ugogo, ikafika Unyanyembe ilipo Tabora ya leo, ikaendelea magharibi hadi Uvinza na Ujiji, hongo ilikuwa ushuru. Mtemi mwenye nchi alitoza vitambaa, shanga au nyaya za shaba, na msafara ukapita kwenye visima vyake na mashamba yake kwa amani. Kulikuwa na majadiliano ya siku nzima, pengine ya siku tatu, nayo yalifanyika mchana mbele ya watu. Ukweli huo hubadili namna ya kulitazama neno lenyewe. Kitu kilichotolewa hadharani kwa mwenye nchi ndicho ambacho sasa kinatolewa gizani kwa asiye na nchi wala mamlaka ya kukidai.

Utani nao ni mtoto wa njia hiyo hiyo. Wanyamwezi walishuka pwani kwa maelfu, wamebeba pembe za ndovu, wakakaa kwetu miezi wakingoja mzigo wa kurudi nao. Waliugua, wengine walikufa mbali na ndugu. Nyumbani kwetu nilikuta desturi kwamba msiba hauanzi kuchangamka wala kaburi halikamiliki mpaka mtani afike, na kwa Wazaramo wengi mtani huyo ni Mnyamwezi. Nikiwa mtoto nilidhani ni mchezo. Kumbe wazee walikuwa wamejiwekea ahadi ya kuzikana wakiwa ugenini, wakaifunika kwa matusi ya kirafiki ili isiwe nzito kuibeba.

Kwa nini Kaliua? Mgeni anayefuata njia ya misafara hupelekwa Bagamoyo akaone mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa msafiri Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Akifika Tabora hupelekwa Kwihara kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley, aliyekuja kumtafuta, mwaka 1872. Akifika Ujiji huonyeshwa walipokutana. Kote huko kuna kibao, kuna mlinzi, kuna kitabu cha wageni. Mimi nilitaka mahali ambapo hapana kibao, katikati ya njia, penye watu wa uzao wa wale waliobeba. Nilimweleza hivyo bibi. Akasema, "Waliobeba ni sisi sote hapa. Huyu muuza ndizi tu ndiye Muha."

Kaliua ni mji wa reli. Wajerumani walianza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita vilivyowanyang'anya koloni lenyewe. Hapa Kaliua reli inagawanyika. Moja inaendelea magharibi kwenda Kigoma. Nyingine inakata kusini, kiasi cha kilomita 210, hadi Mpanda. Tawi hilo lilijengwa na Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia ili kufuata madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa kabla ya Uhuru, reli ikabaki, watu wakaipa kazi nyingine. Leo inabeba mahindi, mpunga, akina mama na vifurushi vyao, wanafunzi na wagonjwa. Tangu mwaka 2012 Kaliua ni wilaya kamili, iliyomegwa kutoka Urambo, na kutoka Tabora kuna lami. Basi lilinileta kwa asubuhi moja. Kilomita hizo mia na ishirini na kidogo, msafara uliokwenda kilomita kumi na tano kwa siku ungezimaliza kwa zaidi ya wiki, mpagazi akiwa na frasila mbili begani, yaani kilo zaidi ya thelathini, ukiacha mkeka wake, chungu chake, na chakula chake.

Chakula chake ndicho kilichonileta. Nimesoma maelezo mengi ya misafara, na karibu yote yameandikwa na watu waliobebewa mizigo. Wasafiri Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Tabora mwaka 1857, na kila hatua yao tunaijua: homa zao, ugomvi wao, vyombo vyao vilivyopotea. Mpagazi anaonekana anapotoroka au anapogoma. Tumboni mwake mlikuwa na nini, tunaambiwa kwa neno moja, posho: kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama robo tatu ya kilo, au kitambaa cha kununulia nafaka kijiji kwa kijiji. Posho hiyo ikichelewa, msafara haukuondoka. Hakuna bwana aliyeweza kulizuia hilo kwa fimbo, kwa maana watu mia tano wakikaa chini kwa pamoja, wamekaa.

Neno hilo nalo limesafiri. Kenya na Uganda posho ni unga wa mahindi na hata ugali wenyewe. Kwetu Tanzania posho ni fedha za kikao, tena posho ya mbunge imewahi kuzua mjadala mkali nchi nzima. Nilimuuliza bibi yeye posho anaijuaje. Akasema posho ni kile unachompa mtu anayekulimia, ale wakati anafanya kazi, kabla hamjahesabiana ujira. Maana ya kale kabisa, nikaikuta mzima, inauza karanga.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukisoma popote. Kwa mafundisho ya mama yake, mwanamume anayekwenda mbali hafungashiwi unga peke yake, kwa sababu unga unahitaji moto, maji na mahali pa kukaa, na njiani hujui utavipata lini. Anafungashiwa unga wa usiku na matobolwa ya mchana. Tobolwa halidai chochote. Analiweka shavuni huku anatembea na mzigo, linamfikisha kwenye maji. "Ndiyo maana nakwambia halitafunwi," alisema.

Kabla ya kukaa pale stesheni nilikuwa nimekula mchana sokoni kwa mama ntilie, kwenye kibanda chenye meza mbili. Ugali wa mahindi uliochanganywa na muhogo, mlenda, nsansa ya majani ya kunde iliyoungwa kwa karanga, na kipande cha kambare wa kubanikwa aliyetoka Usinge, karibu na Ziwa Sagara. Nsansa ni majani yaliyochemshwa na kuanikwa. Ukiyaloweka yanafufuka, lakini hayarudi kuwa mabichi. Yanapata ladha yao, nzito, kama chai iliyokolea. Dagaa waliokuwa kwenye sufuria ya pili walikaushwa Kigoma. Chumvi niliambiwa ya Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi mpaka yakauke kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ilipita kuichukua. Hata muhogo wa ugali ule ulianikwa kwanza. Nilipoinua macho kuangalia soko lote niliona kwamba kitu kibichi kilikuwa nyanya, ndizi na mchicha tu. Vingine vyote vilikuwa vimepita juani.

Sahani ile ina historia ndefu kuliko inavyoonekana. Mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga na nyanya, vyote asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya Wareno kufika pwani zetu, vikapanda bara polepole kwa mikono ya watu wasiotajwa. Vya kwetu hasa pale mezani vilikuwa kunde, mlenda na samaki, na mtama ambao siku hiyo haukupikwa. Hata kitambaa kilichotumika kulipia posho kilikuwa merikani, pamba iliyofumwa Massachusetts na kuitwa kwa jina la kwao. Niliyatafakari hayo wakati bibi ananiambia kwa uhakika kwamba matobolwa ni chakula cha Wanyamwezi tangu mwanzo wa dunia. Sikumpinga, na si kwa adabu tu. Kiazi kilikuja. Tobolwa lilitengenezwa hapa, na mtu aliyejua jua la mwezi wa sita, umande wake, na siku ngapi mpaka kipande kikauke bila kuoza katikati. Chakula ni cha aliyekipa maarifa hayo.

Kijana wa bodaboda, alipomaliza magunia yake, alikubali kunipeleka kijijini kwao, kilomita chache nje ya mji, nikaone upande mwingine wa kukausha. Kaliua ni nchi ya tumbaku. Ukitoka mjini unaanza kuona mabani kando ya njia, vijumba virefu vya tofali visivyo na madirisha, vyenye tanuri chini na mabomba ya kupitisha joto ndani. Hii ni tumbaku ya mvuke. Majani yanafungwa kwenye fito, yananing'inizwa, na moto unawashwa kwa siku sita au saba bila kuzimika, usiku na mchana. Mtu analala pale pale kwenye mdomo wa tanuri, maana joto likishuka au likipanda kwa ghafla jani linageuka rangi na daraja lake linaanguka.

Juni mabani yako baridi. Kazi iliyobaki ni kuchambua na kufunga. Mjomba wa kijana yule alikuwa amekaa na mkewe chini ya paa la nyasi, wanatenganisha majani: yenye rangi ya limau upande mmoja, ya chungwa upande wa pili, yenye madoa kwingine. Vidole vyake vilikuwa na weusi wa utomvu ambao, alisema, hautoki mpaka mwezi wa nane. Mwishowe majani hufungwa mtumba, mtumba hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, mnunuzi anapanga daraja, bei inatajwa kwa dola. Fedha zikija zinakatwa kwanza mkopo wa mbolea na pembejeo, kisha mkulima anapata kilichobaki.

"Mwaka ukiwa mzuri?" nilimuuliza.

"Nimeezeka bati. Nimesomesha wawili sekondari. Siwezi kusema tumbaku haikunipa kitu."

"Na ukiwa mbaya?"

Alionyesha kwa kidevu upande wa pili wa uwanja. Juu ya jabali lililotandazwa mkeka, mkewe alikuwa ameanika michembe, nyeupe, imejaa jabali zima, na kuku wawili wanafukuzwa na mtoto mwenye fimbo. "Ukiwa mbaya tunakula kazi yake."

Sitaki kupita hapo haraka, kwa sababu ninaona mambo mawili na yote ni kweli. Tumbaku imejenga nyumba katika nchi hii, na anayemwambia mkulima aiache bila kumwonyesha fedha nyingine anamtukana. Lakini moto wa siku saba unakula msitu. Huku ni nchi ya miombo: mtundu, mninga, mkurungu. Yule mjomba alinionyesha visiki mpaka upeo wa macho na kusema alipooa kulikuwa na msitu hadi pale nyumba zilipo. Wakulima wanatakiwa wapande miti, na niliona mistari ya mikaratusi iliyopandwa. Mkaratusi unaota haraka na unawaka vizuri, lakini mvua zikianza hauwapi watu uyoga kama miombo inavyowapa, wala sijawahi kumsikia mrina asali anayeusifia kama anavyousifia mtundu. Mkewe mjomba alikuwa ameukausha mlima ule wa viazi bila kuni hata moja. Kwa kazi yake hakuna mkopo, hakuna mtaalamu wa ugani anayekuja kupanga madaraja, hakuna bei inayotajwa kwa dola wala kwa shilingi. Ningependa kuona chama cha ushirika kikimkopesha yeye vichanja vya kuanikia na mifuko ya kufungashia, kwa bidii ile ile mumewe anavyopewa mbolea. Asali ya Tabora imeshapata jina mpaka nje ya nchi. Matobolwa nayo yanaweza kukaa kwenye rafu ya duka lolote la Dar es Salaam.

Serikali ziliwahi kuota ndoto kubwa za chakula hapa jirani. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula kwao, walileta matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea walime karanga kwa mamilioni ya ekari. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukaachwa, kiasi cha pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Urambo ikageukia tumbaku. Karanga za bibi pale stesheni, zilizolimwa kwa jembe la mkono, zilikuwa nzima.

Neno mtumba lilinifuata hadi niliporudi stesheni jioni. Kwa misafara, mtumba ulikuwa robota la nguo. Leo kwa watu wengi mitumba ni nguo kuukuu kutoka ng'ambo. Kwa mkulima wa Kaliua ni tumbaku. Lakini kuna mtumba mmoja ambao ningependa kila mtoto wa Bagamoyo aufahamu. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili. Wakauviringishia kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, wakaubeba. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wauzike pale pale. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, kwa hiyo wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa nguo, wakaendelea hadi pwani.

Nimeambiwa hadithi hiyo tangu shule kama hadithi ya uaminifu kwa bwana. Kaliua niliielewa kama hadithi ya maarifa. Hao ni watu waliojua kukausha kitu ili kisafiri. Walijua chumvi, walijua jua, walijua gome. Kando ya barabara nilikuwa nimeona mizinga ya nyuki ikining'inia mitini, imetengenezwa kwa gome lililobanduliwa zima hivyo hivyo na kushonwa ubavuni. Bibi naye aliniambia kwamba kwao matobolwa hayakuhifadhiwa kwenye gunia bali kwenye kilindo, kasha la gome, ambalo panya hawalitoboi kwa urahisi. Kubandua gome hivyo huua mti, nalo ni jambo la kulisikitikia, na mizinga ya kisasa ya mbao inazidi kuenea. Ila ufundi wenyewe ni ule ule, mikononi mwa watu wale wale.

Giza lilipoingia baridi ilishuka kweli. Anayedhani Tabora ni joto tu hajalala huko Juni. Watu walikusanyika kwenye sakafu ya stesheni na mizigo yao. Kijana mmoja alikuwa na simu yenye picha za treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na watu wakaizunguka. Mkataba wa kipande cha kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022, kwa hiyo mjadala ulikuwa wa moto: itasimama wapi, nauli itakuwaje, nani atauza chakula madirishani. Hilo la mwisho lilisemwa na mwanamke mmoja muuza mayai, na hakuna aliyemjibu. Madirisha ya treni ile hayafunguliwi. Mimi naifurahia reli hiyo kwa moyo wote, nimeipanda hadi Dodoma na nimeona inavyowapunguzia watu mateso ya barabara. Ndiyo maana swali la mwanamke huyo lilinikaa. Miji kama Kaliua imeishi kwa yule anayesimama kidogo. Mtemi Mirambo alilijua hilo. Makao yake Iselamagazi yalikuwa katika Urambo ya leo, mji unaoupita kabla ya kufika hapa, na mwaka 1871 alifunga njia ya Tabora hadi Ujiji dhidi ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Stanley alikwama Kwihara karibu miezi mitatu, halafu akalazimika kuzunguka mbali kusini. Ugomvi ulikuwa na mengi ndani yake, pembe na bunduki na kisasi, lakini chini kabisa lilikuwa swali la yule muuza mayai: wanaopita katika nchi yetu, sisi wanatuachia nini?

Karibu yangu aliketi mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, na mjukuu wake wa kiume wa kama miaka sita. Alitoka Ulyankulu, ndani ya wilaya hii hii, anakwenda Katumba kwenye arusi ya ndugu. Majina hayo mawili yanatosha kukueleza historia yake. Ulyankulu na Katumba ni makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walikuta msitu na mbung'o, wakafyeka, wakalima, wakahesabu vijiji vyao kwa namba za barabara. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kizazi hicho na watoto wao walipata uraia wa Tanzania, naye alikuwa mmojawapo.

Nilimwambia kwamba nyumbani kwetu tulikuwa na kanda ya kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, mama yangu akiipiga kila Jumapili ingawa sisi ni Waislamu, kwa sababu ya zile sauti.

Alicheka sana. "Kila nikisema Ulyankulu watu wananiuliza Barabara ya 13. Sisi wa barabara nyingine hatukuimba, tulikuwa tunalima maharage."

"Ulikuja mkubwa?"

"Nilikuja mgongoni. Mama alisema nilikuwa na miaka miwili na nilikuwa nalia njaa njia nzima. Tulipofika huku mwanamke wa Kinyamwezi akanipa hivi." Akafungua mfuko wake. Matobolwa. "Mama hakuyajua. Aliogopa nisije nikakabwa. Sasa siwezi kupanda treni bila hivi."

Treni iliingia saa nne na nusu, taa yake ikionekana mbali kabla hata ya mlio. Watu wakasimama wote kwa mara moja. Nilimsaidia mama begi moja na gunia la maharage, mtoto akapitishwa dirishani na mikono ya watu asiowajua, tukapata nafasi tatu kwenye behewa la daraja la tatu, upande ambao kioo kilikuwa kizima. Behewa likatikisika, likaacha reli ya Kigoma upande wa kulia na kuanza kwenda kusini, gizani, katikati ya miombo.

"Bibi, tunafika saa ngapi?" mtoto aliuliza.

Mama alitoa tobolwa moja akampa. "Ukilimaliza, niambie."

Alilimumunya kwa juhudi, macho makavu, kwa stesheni mbili. Kisha usingizi ukamzidi, na bibi yake akalitoa taratibu mdomoni mwake asije akapaliwa, akamshikisha mkononi. Wengine nao walilala, vichwa begani mwa jirani. Sikulala sana. Kulipokucha tulikuwa tumekaribia Katumba, ukungu umetanda juu ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mama akamwamsha mjukuu wake. Alimfungua vidole kimoja kimoja. Nusu ya tobolwa ilikuwa bado imo. Akaipangusa kwa ncha ya kitenge, akairudisha mfukoni pamoja na mengine, akaanza kutafuta viatu vya mtoto chini ya benchi.